Watu 960 wa Palanpur: namna ya kukisoma kijiji kidogo cha India



Kila mwaka napata wanafunzi wanaoniletea insha juu ya "kijiji cha India", utadhani kipo kimoja tu. Wengine wamekiokota kwa Gandhi, wengine kwenye filamu za Bombay: kisima, mti mkubwa wenye kivuli, wazee watano wamekaa chini yake wanaamua mambo. Halafu wanafungua jedwali la sensa, wanachota mistari mitatu: watu kadhaa, kaya kadhaa, asilimia kadhaa wanajua kusoma. Basi, kazi imekwisha. Hapo ndipo mie ninapowarudisha nyuma. Jedwali lile si la uongo, lakini limepangwa na dola kwa haja zake wenyewe, na asiyezijua haja hizo atahesabu vichwa bila ya kuwaona watu.

Nchi yenyewe ni kubwa mno. Sensa ya 2011, ambayo ndiyo ya mwisho kukamilika, ilihesabu watu zaidi ya milioni 1,210, na karibu 69 katika kila 100 walikuwa wakikaa mashamba. Vijiji viliandikwa takriban 640,000, lakini vyenye watu havikufika 600,000. Utauliza: kijiji kisicho na watu ni kijiji gani? Ni kwamba kwenye sensa ya India kijiji ni kipande cha ardhi chenye mipaka ya kodi, urithi wa zama za Wamoghuli na Waingereza. Kinaweza kuwa na vitongoji vinne vilivyo mbalimbali, kinaweza kuwa msitu mtupu. Kwa hivyo tangu neno la kwanza la jedwali, "kijiji", tayari tunazungumzia ardhi kabla ya watu.

Sasa tuchukue kijiji kimoja. Nimechagua Palanpur, kilichoko wilaya ya Moradabad, jimbo la Uttar Pradesh, kama kilomita 13 kutoka mji wa Chandausi. (Msikichanganye na mji wa Palanpur ulioko Gujarat, huo ni mwengine kabisa.) Sababu ya kukichagua ni kwamba hakuna vijiji vingi duniani vilivyotazamwa kwa muda mrefu namna hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi walipita nyumba kwa nyumba 1957 na 1958, wakarudi 1962. Mwaka 1974 wakaja Christopher Bliss na Nicholas Stern. Mwaka 1983 akaja Jean Drèze, akahamia na kuishi humohumo na wanakijiji, na akarudi tena 1993 pamoja na Naresh Sharma. Kuanzia 2008 kazi ikaendelezwa na Himanshu, Peter Lanjouw na Stern, ambao kitabu chao kilitoka 2018. Na kijiji chenyewe hakina umaarufu wa namna yoyote. Hakina ziara wala hekalu la kuvuta watu, ila kina stesheni ya reli mlangoni, na hiyo reli tutaiona umuhimu wake.

Hesabu ya vichwa ni hii: watu 528 mwaka 1957, 960 mwaka 1983, 1,133 mwaka 1993, na zaidi kidogo ya 1,200 mwaka 2008. Yaani katika nusu karne kijiji kimezidi mara mbili juu ya ardhi ileile. Kaya zilikuwa 143 mwaka 1983, na zimeongezeka kwa kasi kuliko watu. Hapa inafaa kuelewa kwamba sensa ya India inaitambua kaya kwa jiko: wanaokula chungu kimoja ndio kaya moja. Ndugu wawili wakigombana, au wake zao wakigombana, na kila mmoja akawasha jiko lake ndani ya ua uleule wa baba, sensa inaandika kaya mbili. Ongezeko la kaya basi halina maana ya nyumba mpya peke yake. Linaonyesha ile familia ya pamoja, inayosifiwa sana kwenye vitabu, inavyogawana vyungu.

Lakini swali kubwa ni hao 960 ni akina nani. Na hapa Kiswahili chetu kinatutia mashakani kidogo. Vitabu vya skuli hutafsiri mgawanyo wa Wahindi kwa neno "tabaka", na wengine husema "kabila". Yote mawili yanapotosha. Tabaka unaweza kulipanda au kulishuka kwa mali, na kabila kwetu lina nchi yake, lugha yake na mkubwa wake. Wao wana neno lao, jati, ambalo asili ya maana yake ni kuzaliwa, nami nitalitumia hilohilo. Watu wa jati mbili wanaweza kukaa kijiji kimoja miaka mia tatu, wanasema lugha moja, wanalima mashamba yanayopakana, lakini hawaoani, na zamani hata kula pamoja hawakula.

Mfano mzuri tunao mdomoni mwetu wenyewe. Neno letu "dobi" limetoka kwao. Sisi tulipolichukua tulichukua kazi peke yake: dobi ni yeyote anayefua na kupiga pasi nguo za watu kwa ujira, leo ni Juma, kesho Juma akiendesha teksi si dobi tena. Uttar Pradesh mambo siyo hivyo. Dobi ni mtoto wa dobi. Anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa fundi cherehani, anaweza asiwe ameshika nguo ya mtu maisha yake yote, na bado ni Dobi, ataoa kwa Madobi, na kijiji kizima kinajua. Jina la kazi limebaki, kazi imeondoka. Atakayeshika tofauti hii ameshafika nusu ya njia.

Palanpur zimo jati zisizopungua nane. Kubwa mbili ni Thakur na Murao, na kila moja ni karibu robo ya kijiji. Thakur wanajinasibu na wapiganaji na watawala wa zamani. Murao ni wakulima, tena wakulima wa kweli, wenye sifa ya mboga na bustani. Wapo Dhimar, ambao asili yao ni wachukuzi wa maji, Gadaria wafuga kondoo, na Dobi tuliowataja. Teli ni wakamuaji mafuta, nao ni Waislamu. Wapo Passi. Na chini ya wote kwa daraja la zamani ni Jatab, zaidi kidogo ya mtu mmoja katika kila kumi, jamii ambayo kazi yake ya jadi ilikuwa ngozi, na ambao kwa ajili hiyo waliitwa najisi na wasioguswa. Katiba ya India ya 1950 imepiga marufuku kutoguswa. Hata hivyo katika vijiji vya kaskazini aghlabu bado utaona nyumba za watu hawa ziko upande wake, ukingoni.

Ardhi nyingi iko kwa Thakur na Murao. Hapa ndipo hadithi inapopendeza, kwa sababu mwenye daraja la juu siye aliyeinuka zaidi. Sheria ya Uttar Pradesh iliyofuta umwinyi wa zamindari, iliyoanza kutumika 1952, iliwapa wakulima hakika ya mashamba yao. Kisha katika miaka ya 1960 na 1970 zikaja mbegu mpya za ngano, mbolea za viwandani na pampu za maji mahali pa magurudumu ya kuvutwa na ng'ombe. Nani alinufaika? Yule asiyeona aibu kushika jembe. Thakur kwa desturi yake alijiona mkubwa kwa kazi ya mikono, akapenda kukodisha shamba kwa mtu wa kumlimia wakagawana mavuno nusu kwa nusu, mpango unaoitwa batai. Murao alilima mwenyewe na mkewe na watoto, akabana matumizi, na ardhi akaing'ang'ania. Kufikia miaka ya 1980 Murao walikuwa wanapumua vizuri kuliko Thakur wengi, na hata fahari ya kijiji haikuwa tena ya Thakur peke yao. Jatab, ambao ardhi yao ilikuwa kidogo au hawakuwa nayo, walibaki vibarua. Mapinduzi ya ngano yaliwapitia juu kwa juu.

Baadaye reli ndiyo iliyofanya kazi ambayo mbegu hazikuifanya. Kadiri watu walivyozidi na vipande vya ardhi vilivyopungua, wanaume walianza kupanda treni ya asubuhi kwenda Chandausi na Moradabad: ujenzi, matanuri ya matofali, karakana, vibanda. Watafiti walipokuja 2008 waliwakuta hata baadhi ya Jatab wameanza kunyanyua kichwa kwa kazi hizi za nje. Ni kazi ngumu na za msimu, hazina mkataba wala pensheni. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo takwimu hailisemi vizuri: msimamizi wa ujenzi mjini anakulipa wewe kama kibarua, hakulipi kama Jatab wa Thakur fulani. Kwa upande mwengine tofauti ya kipato baina ya nyumba na nyumba imekuwa kubwa kuliko zamani, na mtoto wa maskini hana nafasi ya kupanda kama tulivyotarajia, kwani kazi nzuri hupatikana kwa kujuana, na kujuana hufuata jati.

Nimekuwa nikisema "wanaume", na siyo kwa kusahau. Tazameni upande wa wanawake. Kwa Wahindu wa kaskazini mwa India mtu haoi kijiji chake. Wasichana wote wa kijiji huhesabiwa dada zake, hata wasiokuwa na damu naye. Binti anaozwa kijiji cha mbali, na wake za kijiji wanatoka vijiji vyengine. (Waislamu kanuni hii haiwabani vilevile, kwao binamu huoana.) Matokeo yake ni kwamba karibu wake wote utakaowakuta Palanpur si wazaliwa wa hapo. Wanaume wamekua pamoja tangu utoto, wanawake ni wageni waliokutanishwa na ndoa, na wanaingia wakiwa wadogo, kichwa kimefunikwa, chini ya amri ya mama mkwe. Ndiyo maana kwenye takwimu za uhamiaji za India kundi kubwa kabisa la wahamaji ni wanawake walioolewa, ingawa hakuna anayewafikiria tunapotaja neno "mhamiaji". Sisi tulioandika vitabu na vitabu juu ya ughaibuni tungefaa kuliangalia hilo.

Idadi yao nayo ni pungufu. Sensa ya 2011 iliwakuta wanawake 943 kwa kila wanaume 1,000 nchi nzima, na kwa watoto chini ya miaka saba wasichana hawakufika 920 kwa wavulana 1,000. Hiyo haikutokea kwa maumbile. Zamani msichana aliachwa akifa kwa kutopelekwa kwa daktari mapema kama kaka yake. Baadaye ikaja mashine ya kupiga picha tumbo, na sheria ya 1994 iliyokataza kutaja jinsia ya mimba haikuzuia yote. Kusoma ndiyo usiseme: Palanpur, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliojua kusoma hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Halafu fungua ukurasa wa kazi kwenye sensa. Aliyefanya kazi miezi sita au zaidi kwa mwaka ni mfanyakazi mkuu, chini ya hapo ni wa pembeni, na mwanamke anayepika, anayechota maji, anayesafisha nafaka na kulea, huyo ameandikwa hafanyi kazi. Hebu mwendeeni mama mmoja wa kijiji mumwambie hivyo, halafu mniletee jawabu lake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Sensa za India huru, kutoka 1951 mpaka 2011, zimetoa hesabu ya makundi mawili tu ya kuzaliwa. Kundi la kwanza ni jati zilizoorodheshwa, yaani wale walioitwa wasioguswa. La pili ni makabila yaliyoorodheshwa, wengi wao watu wa misitu na milima. Mwaka 2011 la kwanza lilikuwa asilimia 16.6 ya nchi na la pili 8.6. Waliobaki wote, robo tatu ya watu, wametiwa kapu moja lisilo na jina. Kwa hivyo ukisoma jedwali la kijiji kama Palanpur utawaona Jatab. Thakur huwaoni, Murao huwaoni, wala tofauti baina yao, ambayo ndiyo habari kubwa ya kijiji kwa nusu karne, huioni kabisa. Ilibidi watafiti wakae kule.

Na hesabu hii si ya makabati ya maktaba. Nafasi za kazi serikalini hutengwa kwa orodha hizo. Tangu marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika 1993, viti vya baraza la kijiji hutengwa kwa makundi haya mawili kwa kadiri ya idadi yao, na theluthi moja kwa uchache kwa wanawake. Kuna kundi la tatu, jamii nyengine zilizoachwa nyuma, ambamo wamo watu kama Murao na Gadaria. Hao serikali kuu iliamua 1990 kuwatengea asilimia 27 ya kazi zake. Lakini wako wangapi? Tume ya B. P. Mandal, iliyotoa ripoti yake 1980, ilibidi ikisie kwa kutumia sensa ya 1931, kwa kuwa tangu Mwingereza hakuna aliyechapisha hesabu kamili ya jati. Dola inagawa riziki ya watu kwa daftari la miaka hamsini nyuma! Jimbo la Bihar lilipofanya hesabu yake na kuitangaza 2023, jamii hizi zilizoachwa nyuma kwa jumla zilikutwa zaidi ya asilimia 63 ya jimbo. Mtaelewa kwa nini wakubwa wengine hawakuwa na haraka ya kuhesabu.

Jambo jengine ni dini. Amri ya 1950 iliyoweka orodha ya jati ilisema mwenye kuingia humo sharti awe Mhindu. Masingasinga wakaongezwa 1956, Mabuddha 1990. Waislamu na Wakristo wako nje mpaka leo. Uttar Pradesh kuna Madobi wa Kihindu na Madobi wa Kiislamu. Babu zao walifua kwenye mto mmoja na walidharauliwa kwa dharau moja, lakini yule wa kwanza yumo katika orodha na wa pili hayumo. Hoja iliyotolewa ni kwamba Uislamu hauna jati. Kwa kitabu ni kweli. Kwa kijiji, muulize Teli kama Sheikh wa mjini atamuoza binti yake. Wengi wa Waislamu hawa wameingizwa katika lile kundi la tatu, lenye ushindani mkubwa zaidi na lisilotengewa viti bungeni.

Linganisheni na ndugu zetu wa mbali, Sidi wa Gujarat, watu wenye asili ya Afrika. Wako Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba, ni Waislamu, wanasema Kigujarati, na ngoma yao mpaka leo wanaiita goma. Wao wanahesabiwa, kwa sababu orodha ya makabila haina sharti la dini. Lakini hata hapo orodha imetaja Sidi wa wilaya za Saurashtra peke yake. Jamaa zao wa upande wa Bharuch, penye ziara ya Bava Gor, hawamo. Damu moja, mpaka wa wilaya umewatenga. Kwa hivyo tunapowaandikia makala za mapenzi, kuwa ni "Waswahili wa India", tukumbuke kwamba kule jambo linalowahusu zaidi ni cheti cha kabila cha kumuingizia mtoto chuo.

Gandhi alikiona kijiji kuwa ndiyo roho ya India. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jati ya wasioguswa na akasimamia uandikaji wa katiba, alisimama Novemba 1948 mbele ya baraza la katiba akakataa katakata kukisifu, kwani alijua nani hakai chini ya ule mti wa wazee. Ninawapenda wote wawili kuwasoma, ila nikitaka kujua nani anachota maji kisima gani, namfuata Ambedkar.

Sensa iliyotakiwa kufanywa 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona. Serikali ya India iliamua Aprili 2025 kwamba sensa ijayo ihesabu jati, na tarehe ya hesabu imewekwa 1 Machi 2027 kwa sehemu kubwa ya nchi. Ikienda kama ilivyotangazwa, Murao na Thakur wataonekana kwenye daftari la taifa kwa mara ya kwanza tangu 1931. Yule Dobi wa Kiislamu hali yake ni nyengine. Kuandikwa jati yake na karani wa sensa hakumuingizi katika orodha ya 1950. Orodha hiyo huongezwa kwa sheria ya bunge tu. Tume ya kulitazama suala la walio katika dini nyengine iliundwa Oktoba 2022 chini ya jaji mkuu mstaafu K. G. Balakrishnan.